Kabla ya Kumfunika Mbwa Blanketi

Baridi ya Njombe mwezi wa Julai anaijua aliyewahi kulala huko. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, ukungu unashuka mapema, na ziko alfajiri ambazo majani ya viazi yanakutwa yameungua kwa barafu. Mtu akimkuta mbwa wake anatetemeka uani saa kumi na moja alfajiri, hana cha kujiuliza. Anachukua gunia, anamfunika, anakwenda zake kukamua. Mara nyingi huwa amefanya vema. Kisa hiki ni cha siku ile ambayo baridi haimo, na nakisimulia kama mfano, kwa sababu nyumba ambazo ng'ombe na mbwa wanafugwa pamoja ni nyingi na chupa ya dawa ya kupe haikosekani.

Nyumba yenyewe ilikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa na mbwa wawili: Malkia, jike aliyekwisha kuzeeka, na Simba, mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Babu mwenye nyumba alikuwa mtu wa kujali mifugo. Kila Jumamosi aliwapulizia ng'ombe dawa, na Jumamosi hiyo alipokuwa anaosha bomba, mjukuu wake wa kidato cha pili akamwita aje aone masikio ya Malkia. Kupe walikuwa wamejipanga mpaka ndani, na wengine wamejichimbia katikati ya vidole.

"Babu, huyu wanammaliza damu."

Babu aliitazama chupa. Ilikuwa imebaki dawa kidogo chini. Akachukua beseni, akatia maji kama lita mbili, akamimina kifuniko kimoja cha chupa. Maji hayakuwa meupe kama alivyozoea kuyaona kwenye bomba, akaongeza kifuniko cha pili. Lebo ya chupa ile ilitaka karibu mililita mbili kwa kila lita ya maji, tena kwa ng'ombe. Kila kifuniko kilibeba mililita kumi. Beseni likawa na dawa kali mara tano kuliko ile anayopuliziwa mnyama wa kilo 400, na aliyekuwa anasubiri kupakwa ni mbwa wa kilo kumi na nane.

Weupe wa maji hauonyeshi ukali wa dawa. Dawa nyingi za kuogeshea hugeuka maziwa mara tu zinapogusa maji, kidogo au nyingi, na macho hayawezi kupima tofauti. Anayepima kwa macho, kwa kifuniko au kwa mkupuo anabahatisha, na kwa ng'ombe bahati hiyo humvumilia miaka mingi kwa sababu ya ukubwa wa mwili. Mbwa hana nafasi hiyo. Isitoshe, mbwa hujilamba. Kilichoingia kwenye manyoya yake jioni, usiku kucha anakihamishia tumboni, na ngozi nayo inaendelea kunywa.

Babu alichovya kitambaa, akampaka Malkia kuanzia masikioni hadi mkiani, akasugua vidole kimoja kimoja. Mikono yake ilikuwa mitupu. Simba alipakwa mgongoni tu akachomoka. Hakuna aliyewasuuza, kwa kuwa ng'ombe hawasuuzwi.

Usiku ule Malkia hakugusa ugali wake. Mjukuu aliona anadondosha udenda, machozi yamelowanisha manyoya ya usoni, na miguu ya nyuma inapishana. Alikuwa ameharisha karibu na mlango wa jikoni. Akasema. Akajibiwa kwamba mbwa amechoka kwa kuoga na baridi hii, kesho atakuwa mzima. Hapo zilikuwa zimebaki saa nyingi za kumwokoa.

Alfajiri ndipo walipomkuta anatetemeka. Ningependa msomaji autazame mtetemo ule kwa karibu, kwa kuwa hautoki kwa namna moja. Mbwa mwenye baridi hutetemeka mwili mzima kwa mwendo mmoja, amejikunja, pua chini ya mkia, na ukimwita anakugeukia. Malkia alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Nyama za bega na paja zilikuwa zinachezacheza vipande vipande chini ya ngozi, hapa zikitulia, pale zikianza, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa nukta. Mdomo ulijaa povu. Hakuna baridi inayomfanya mbwa hivyo.

Lakini nani humwangalia mbwa mboni alfajiri ya Julai? Bibi alileta blanketi, akamzungushia, wakamsogeza karibu na jiko la mkaa. Babu akapasha maziwa vuguvugu, akamshika taya, akammiminia. Malkia alikohoa, maziwa mengine yakatokea puani. Walifanya yote haya kwa upendo, na yote yalimsukuma kaburini. Blanketi liliigandamiza dawa kwenye ngozi. Joto la jiko lilifungua mishipa ya ngozi, damu ikapita hapo kwa wingi na kuichukua sumu haraka zaidi. Maziwa hayaui sumu. Imani kwamba maziwa ni dawa ya kila sumu imeenea kwetu kuliko dawa yoyote ya kweli, na mafuta yaliyomo yanaweza hata kuzisaidia baadhi ya sumu kuingia mwilini. Ukimnywesha mnyama anayetetemeka, asiyeweza kumeza sawasawa, yanaishia mapafuni.

Jirani alipita kuchukua maziwa ya chai, akaona povu, akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee, hicho ni kichaa. Msimguse." Akaenda kutafuta rungu. Sitamcheka. Kichaa cha mbwa kinaweza kuleta udenda na mtetemo, kipo katika nchi yetu, na dalili zake zikishaanza kwa binadamu ni nadra sana mtu kupona. Mbwa anayetetemeka bila sababu inayojulikana, hasa asiye na chanjo, au aliyebadilika tabia, au ambaye sauti imempotea na kumeza kunamshinda, asishikwe mdomo wala udenda wake usiguswe. Afungiwe mahali ambapo watoto hawafiki na mtaalamu aitwe. Aliyeng'atwa au kulambwa penye jeraha aoshe hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Kosa la jirani lilikuwa rungu. Mbwa aliyeuawa kwa kupigwa kichwani hana tena anachoweza kueleza, maana kipimo cha kichaa hufanywa kwenye ubongo wake.

Rungu halikuhitajika. Malkia alishikwa na degedege, akakakamaa, akakata roho kabla ya saa mbili.

Saa nne Simba naye akaanza kutetemeka mapaja.

Bibi alikuwa ameshalitwaa blanketi lilelile. Mjukuu akamzuia mkono, akachukua simu ya Babu, akampigia bwana mifugo wa kata.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba binti. Kuna nini?"

"Mbwa wetu anatetemeka. Mwenzake amekufa asubuhi. Wanasema ni baridi."

"Baridi iache kwanza. Tangu juzi mpaka leo amekula nini, amepakwa nini, amekwenda wapi?"

Binti alimtazama babu yake. Mzee alikuwa ameinamia fimbo yake.

"Jana Babu aliwapaka dawa ya kupe. Ya ng'ombe."

"Chupa iko wapi?"

Chupa ilikuwa imetupwa shimo la taka. Binti aliiopoa kwa mfuko wa plastiki mkononi, akasoma maandishi madogo chini ya jina la biashara, herufi kwa herufi: klorofenvinfosi. Daktari akajua ana kundi gani la sumu mbele yake. Ni oganofosfeti, dawa zinazouzuia mwili kuvunja kemikali moja inayobeba amri kutoka kwenye neva kwenda kwenye misuli. Amri ikishatolewa haifutiki. Msuli unaambiwa jikaze, jikaze, jikaze. Mate, machozi, haja ndogo na kubwa vinatoka bila breki, njia za hewa zinajaa ute, na mwisho misuli ya kupumua inachoka. Mbwa hufa hivyo dozi ikizidi, na binadamu vilevile.

Maelekezo yalikuja kwa mkupuo, na binti aliyafuata moja baada ya jingine. Vaeni glovu, kama hamna fungeni mifuko ya plastiki mikononi. Tumieni maji ya uvuguvugu hafifu, yasiwe ya moto, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu dawa hii imechanganywa na mafuta na maji matupu hayaitoi. Anzeni shingoni mteremke, suuzeni, rudieni mpaka harufu iishe. Ndani ya masikio na kuzunguka macho tumieni kitambaa kibichi. Msimpe maziwa, msimpe mafuta, msimtapishe. Mkaukisheni vizuri kwa taulo. Akishakuwa mkavu na safi, hapo sasa mfunikeni, maana mbwa aliyelowa hapa Njombe atashikwa na baridi ya kweli juu ya sumu. Msimwache ajilambe. Akipata degedege ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie chochote mdomoni, tazameni saa mjue imedumu dakika ngapi. Kisha mleteni, na chupa.

Aliirudia ile chupa mara mbili. Watu wengi humbeba mgonjwa wakaacha chupa, na daktari anabaki anabahatisha kama alivyobahatisha mwenye beseni. Sindano inayotegemewa dhidi ya oganofosfeti ni atropini. Hukausha ute kwenye njia za hewa na kuurudisha moyo uliopunguza mwendo. Lakini madukani, kwenye rafu ileile, zipo dawa za kupe za amitrazi, ambazo nazo humlegeza mbwa, humyumbisha, hupunguza mapigo ya moyo wake. Huyo atropini haimfai. Inaweza kupandisha shinikizo la damu na kulisimamisha tumbo ambalo tayari limelala, na dawa zinazoitengua amitrazi ni nyingine kabisa. Zipo pia za jamii ya sipamethrini, ambazo mtetemo wake hutulizwa kwa kuosha na kwa dawa za kulegeza misuli. Mbwa watatu wanaotetemeka, chupa tatu zinazofanana kimo, tiba tatu. Ndiyo sababu lebo haibanduliwi, na dawa haihamishiwi kwenye chupa ya soda.

Simba alifika kwa bajaji akiwa bado anajitambua. Alichomwa sindano, daktari akawa anasikiliza kifua kila baada ya muda na kuangalia kama mate yanapungua, akarudia dozi. Alilala hapo. Siku ya pili alikula.

Daktari alipomaliza na mbwa, akamgeukia Babu. "Mzee wangu, ulipowapaka ulivaa glovu?" Hakuvaa. "Na wewe ulilalaje?" Hapo ndipo Bibi aliposema kwamba mumewe ametokwa jasho usiku wote, kichwa kinamgonga, tumbo linamsokota, na amekataa chai kwa kichefuchefu. Wote walidhani mafua. Nyumba nzima ilikuwa imeusoma ugonjwa wa mtu kama ilivyousoma wa mbwa: baridi. Babu alipelekwa hospitali, na barua ya daktari wa mifugo yenye jina la dawa ikiwa mfukoni. Mbwa akipata sumu ya ngozi, wa kuulizwa mara moja ni aliyempaka, kisha mtoto aliyemkumbatia baadaye. Hili silioni likisemwa vya kutosha.

Swali la yule daktari, la kula na kupakwa na kwenda, lingepata majibu mengine katika nyumba nyingine, na kila jibu lina njia yake. Tuseme jibu lingekuwa: hakupakwa kitu, ila amezaa wiki mbili zilizopita na ananyonyesha watoto saba. Huyo anayetembea miguu imekakamaa, anahema, hatulii na watoto wake, kisha anaanza kutetemeka, damu yake imeishiwa kalisi kwa kuwa nyingi inakwenda kwenye maziwa. Huwapata zaidi mbwa wadogo wenye watoto wengi, hasa katika wiki nne za mwanzo. Kwa mama huyu blanketi ni hatari zaidi kuliko lilivyokuwa kwa Malkia, sababu misuli inayotetemeka bila kupumzika huzalisha joto, na mwili wake unaweza kupita nyuzi 41 wakati joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi. Watenge watoto, wape maziwa mbadala ya watoto wa mbwa, mkimbize mama akawekewe kalisi kwenye mshipa. Huwekwa polepole huku moyo ukisikilizwa, kwa kuwa ikienda haraka moyo unaweza kusimama, na hiyo ni kazi ya daktari peke yake. Wapo wanaompa mbwa mwenye mimba vidonge vya kalisi ili kuzuia hali hii. Vinaweza kuileta. Mwili ukishazoea kupewa kalisi kutoka nje husahau kuitoa kwenye mifupa, na siku ya kunyonyesha unakutwa haujajiandaa.

Au jibu lingekuwa: amekuwa na kupe tangu mwezi uliopita, amekonda, hali. Inua mdomo uangalie fizi. Zikiwa nyeupe au za manjano, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, hiyo inaelekea kuwa homa ya kupe, wadudu wanaovunja chembe nyekundu za damu, na mtetemo ni wa homa. Mtoto wa mbwa asiye na chanjo anayetetemeka, anatapika na kuharisha damu, mfikirie ugonjwa wa parvo na umtenge na wenzake. Kitoto kidogo cha mbwa kilichoshinda na njaa hutetemeka kwa kuishiwa sukari, na asali kidogo ikipakwa kwenye fizi, bila kumiminwa, humshikilia njiani. Na akiwa ameokota kitu jalalani au shambani, hasa sumu ya panya au nyama iliyotegwa, usisubiri atetemeke mara ya pili.

Yupo pia anayetetemeka kwa maumivu tu, mgongo umejikunja, hataki tumbo liguswe. Huyo watu humpa vidonge vyao vya maumivu. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac za binadamu zinaweza kumharibu mbwa ini, figo au tumbo kwa kiasi ambacho mtu angekiona kidogo. Na yupo wa radi au fataki za mwaka mpya, ambaye hahitaji sindano yoyote. Mwache ajifiche, kaa naye, funga mlango asikimbilie barabarani.

Baridi yenyewe nayo si jambo dogo. Mbwa mzee, aliyekonda, aliyenyeshewa au aliyenyolewa anaweza kupoa mpaka kufa. Mkaukishe, muweke juu ya kitu kinachomtenga na sakafu, mpe chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kama ni baridi kweli, mtetemo utapungua jinsi anavyopata joto, naye atainuka kutafuta chakula. Nusu saa ikipita yuko mkavu, amefunikwa, na bado anatetemeka, basi ilikuwa kitu kingine na muda umeanza kupotea. Kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa, kikipakwa mafuta na kuingizwa taratibu njia ya haja kubwa, huondoa ubishi: ikisomeka chini ya nyuzi 37 amepoa, ikipita 39.5 na amepumzika ana homa au misuli inamuunguza. Jihadhari na kutulia pia. Mwili ukishapoa mno hauna nguvu ya kutetemeka tena, na mbwa aliyeacha kutetemeka huku amelegea na fizi zake baridi amezidiwa. Watoto wachanga wa siku chache hawatetemeki kabisa hata wakifa kwa baridi, kwa hiyo wao usingoje dalili, waguse.

Kupe wa Simba bado walihitaji kuondolewa. Daktari alimpa Babu dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, akampima kwanza, kwa kuwa dozi hufuata kilo. Ya ng'ombe ikaanza kukaa bandani, kwenye kabati lenye kufuli, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya kupimia mililita. Anayekwenda kununua dawa ya mbwa ataje uzito, umri, na kama jike ana mimba au ananyonyesha. Na kama nyumbani kuna paka anayelala na mbwa, amwambie muuzaji hilo pia, kwa sababu dawa nyingi za mbwa zina pemethrini, ambayo mbwa anaivumilia vizuri lakini ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Paka aliyepakwa dawa ya mbwa, au aliyejisugua kwa mbwa kabla haijakauka, huanza kutetemeka masikio na miguu ndani ya saa chache. Naye huoshwa kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha anabebwa pamoja na chupa.